Mchanga Mweusi wa Wainiloa

Mara ya kwanza Ateca alipokuja kutuonyesha vigae vyake, walifika ukumbini watu kumi na tisa, na kumi na wanne kati yao wakasinzia. Niliwahesabu kwa sababu mimi ndiye niliyewaita. Nilikaa mbele kabisa, sulu yangu ya kanisani, shuka la kufunga kiunoni, imepigwa pasi, mgongo wima, nikijitahidi kuwa mfano, na hata mimi kidevu kilinigonga kifuani mara mbili.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa ukuu wa kijiji cha Nawaibuta. Mkuu wa kijiji huku kwetu Fiji kazi yake ni kutangaza zamu za kufyeka, kupokea wageni, kupeleka maneno ya watu serikalini, na kulaumiwa. Ateca alikuwa mgeni wa kupokelewa. Alikuwa mwanaakiolojia, binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kofia pana ya ukili. Miaka miwili kabla ya hapo mto wetu ulifurika ukamega ukingo chini ya mashamba ya magimbi, na yeye na wenzake wakaja kuchimba pale kwa wiki sita. Watu walidhani wanatafuta dhahabu. Walichopata ni vipande vya vyungu vya kale, mifuko kwa mifuko, wakavipeleka mjini kuvipima. Sasa alitaka kuturudishia habari zake.

"Vimetoka kwenu," aliniambia kwenye simu. "Si haki nivijue mimi na nyinyi msivijue."

Maneno mazuri. Ila siku yenyewe alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha mashine ya picha, akazungumza kwa saa mbili juu ya miaka na tabaka za udongo. Nje mechi ya raga ilikuwa inaendelea, tukasikia kila shangwe.

Kijiji cha kina Ateca na chetu ni watani tangu mababu. Wao ni wa kisiwani, wanakula popo, na sisi tunawaambia hivyo mbele ya mchungaji bila haya. Wao hutuita wala mchanga, kwa sababu wafinyanzi wetu huonja udongo kwa ulimi kabla ya kuukanda. Kwa hiyo mazungumzo yalipokwisha hapakuwa na mtu wa kumficha ukweli.

"Mla popo," mke wangu Laisani alimwambia huku akikusanya vikombe, "nimeshawahi kukaa kwenye mazishi yaliyochangamka kuliko haya."

Ateca alicheka, lakini alipokuwa akikunja shuka lake nilimwona mabega yamemshuka. Nikamsaidia kushika ncha ya pili.

"Nimekosea wapi, mkuu?"

"Umesema saa mbili. Hujatuuliza hata swali moja."

"Niwaulize nini? Hamkuwepo kwenye maabara."

"Hata wewe hukuwepo vilipofinyangwa," nikasema.

Sikuwa nimekusudia kusema jambo la maana, nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda kuoga. Lakini aliweka shuka chini, akayaandika kwenye daftari, akanishukuru, akapanda gari lake akaondoka.

Alirudi baada ya mwezi. Safari hii niliangalia ratiba ya raga kwanza. Hakuleta shuka wala mashine. Alileta mabeseni sita ya plastiki yaliyojaa vigae, akayaweka katikati ya mikeka, akawagawa watu makundi mawili, wanaokaa juu ya njia na wanaokaa chini ya njia. Akasema, "Vipangeni. Vile mnavyodhani vimetoka kwenye mkono mmoja viwekeni pamoja. Majibu sina. Atakayebishana na mwenzake aniambie kwa nini."

Mwanzoni walivigusa kwa ncha za vidole. Baada ya robo saa kulikuwa na kelele za soko. Wanaume ambao hawajawahi kusugua sufuria maishani mwao walikuwa wanagombana juu ya unene wa mdomo wa mtungi. Mmoja wa watu wa juu ya njia alituhumiwa kuficha mapajani kigae chenye michoro. Ateca alizunguka na daftari, magoti chini, anaandika kila linalosemwa, hata upuuzi.

Shangazi yangu Salaseini hakuwepo. Yeye ni dada wa baba yangu, ana miaka sitini na tisa, na ni mmoja wa wanawake wanne waliobaki wanaofinyanga hapa kijijini. Nilimpitia asubuhi nikamkuta anakanyaga udongo kwenye kipande cha turubai, gauni amelikunja magotini.

"Vyungu vilivyovunjika ninavyo nyuma ya nyumba," aliniambia bila kuinua macho. "Mwambie aje aviokote bure."

Alikuja saa sita kwa ajili ya chakula. Tulikuwa tumefukua lovo, tanuri letu la ardhini, nguruwe na mihogo inatoka moshi, na njia ya kwenda kwenye chakula ilipita kando ya mabeseni. Nilimwona amepita, akasimama, akarudi hatua mbili. Akainama akachukua kigae kimoja, ukubwa wa kiganja. Akapitisha kidole gumba upande wa ndani, polepole, kama mtu anayepima shavu la mtoto mwenye homa. Halafu akakilamba pale kilipovunjika.

Watu wakageuka. Ateca alitaka kusema kitu, nadhani kuhusu kulamba, akajizuia.

"Mmekitoa wapi hiki?" Salaseini aliuliza.

"Hapo ukingoni, bibi. Chini ya magimbi."

"Kimefinyangwa wapi?"

Ateca alikaa sawasawa. "Ndilo tunalojiuliza. Ndani ya udongo kuna punje nyeusi zinazong'aa, unaziona? Tumezilinganisha na mchanga wa mto wenu, hazifanani. Kwa hiyo tuliandika kwamba labda vyungu hivi vililetwa na mitumbwi kutoka kisiwa kingine."

"Mliandika."

"Ndiyo, bibi. Tukaweka neno labda."

"Basi hilo labda ndilo limewaokoa," Salaseini akasema. "Kisiwa kingine cha nini? Huu mchanga ni wa Wainiloa. Kutembea saa moja tu kutoka hapa. Bibi yangu alinipeleka kuuchota nikiwa msichana, safari moja. Alisema unashikana na udongo kuliko huu wa mtoni. Halafu hatukwenda tena."

"Kwa nini hamkwenda tena?"

Hapo ndipo niliposikia mafuta ya nguruwe yakidondoka kwenye mawe. Kijito cha Wainiloa kiko kwenye ardhi ya watu wa Vunisei, jirani zetu, na sisi na Vunisei tumekuwa na kesi ya mpaka tangu mimi sijazaliwa. Mihogo imeng'olewa. Nguruwe wamekatwa masikio. Tunasali kanisa moja na hatuketi benchi moja.

Laisani alinisogelea akaninong'oneza, "Haya, baba Vili. Kazi hiyo imekuja."

Nilijifanya sikusikia. Nilikuwa na nia kabisa ya kuliacha jambo lile lipoe. Mkuu wa kijiji mwenye akili haendi kuchokoza kesi ya ardhi kwa sababu ya mchanga. Lakini jambo lenyewe halikupoa. Jumatatu kwenye kituo cha basi nikaulizwa, "Mkuu, mchanga vipi?" Jumatano mmoja wa wale kumi na wanne waliosinzia alinifuata hadi shambani, akaegemea panga lake, akataka kujua kama mtumbwi wa zamani ungeweza kubeba vyungu vingapi bila kuzama, maana yeye alikuwa amepiga hesabu na haikukubali. Kanisani mzee wa kwaya aliniuliza katikati ya wimbo. Nami mwenyewe nikawa nikinawa mikono mtoni ninainua mchanga kiganjani na kuutazama. Ulikuwa wa kijivu na kahawia. Nilikuwa nimeoga mle miaka hamsini na tatu na sikuwahi kujua rangi yake.

Nikachukua fungu la mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, nikavaa vizuri, nikaenda Vunisei peke yangu. Nilikuwa nimemwomba Ateca kigae kimoja, akaniazima kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la dawa ya meno.

Mkubwa wa pale ni Pauliasi, mzee wa miaka sabini, mrefu, masikio makubwa, asiyependa kupoteza neno. Aliipokea yaqona yangu kwa heshima zote, kwa sababu desturi ni desturi, tukanywa vikombe viwili tukizungumzia mvua. Kisha nikamweleza. Aliniacha nimalize.

"Leo mnataka mchanga," akasema. "Kesho mtasema bibi zenu waliuchota hapa, kwa hiyo kijito ni chenu. Keshokutwa wakili."

"Wapo watakaosema hivyo," nikamjibu. Ningemdanganya angejua.

"Na wewe?"

"Mimi nataka kujua tu."

"Kujua nini?"

"Kama aliye sahihi ni shangazi yangu au wale wenye mashine. Tangu siku ile kila ninapokwenda naulizwa, na mimi sina la kujibu. Linaniwasha."

Akanyoosha mkono. Nikampa boksi la dawa ya meno. Alikifungua kitambaa, akakitoa kigae kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza, akaingiza ncha ya kucha kwenye mstari wa michoro kama anayesoma. Alikaa nacho muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mdomo wa mtungi wa maji huu?"

"Shangazi anasema ni mtungi."

"Ni wa zamani kiasi gani?"

"Ateca anasema karibu miaka elfu mbili na mia nane."

Pauliasi alipumua kwa pua. "Wakati huo hata wewe na mimi hatukuwa na mpaka."

Akakirudisha kwenye boksi mwenyewe, akalifunga vizuri. Masharti yake yalikuwa matatu. Kwanza, yeye na watu wake wote wawepo, si sisi tukachimbe kama wezi. Pili, yule binti wa kisiwani aandike kwenye karatasi kwamba mchanga si hati ya shamba, na sisi sote tutie sahihi. Tatu, chakula watapika wao.

"Msije mkasema mlifika Vunisei mkarudi na njaa," akasema.

Ateca alipoipata habari kwenye simu akauliza kama karatasi iandikwe kwa lugha ya kisheria. Nikamwambia aandike kama watu wanavyosema. Nimeitunza mpaka leo. Inasema: Sisi wa Nawaibuta na sisi wa Vunisei tunakwenda kutafuta mchanga. Tukiupata au tukiukosa, ardhi inabaki na ubishi wake ule ule.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda karibu watu themanini. Wale wa Vunisei walikuwa wametusubiri kwenye kivuko wamekaa upande mmoja, sisi tukakaa upande wa pili, na katikati Ateca na kofia yake kama refa. Salaseini alivuka kijito kwa fimbo. Alitazama juu, akatazama chini, akakunja uso.

"Palikuwa na kona," akasema. "Maji yanapinda hivi, na mti wa dakua umeinama. Mchanga uko chini ya mizizi."

Hapakuwa na kona wala mti. Kijito kilinyooka kama barabara kati ya mawe makubwa. Ateca akawagawa watu, kila kundi na ndoo na kipande chake cha ukingo, lichote, lisuuze, lilete. Walileta mchanga wa kijivu, mchanga wa njano, kokoto na kamba wawili. Salaseini alionja kila ndoo akatema pembeni. Ilipita saa nzima. Jua lilikuwa limepanda, na watu wa Vunisei wakaanza kutazamana kwa ile hali ya mtu anayezuia kicheko. Mimi nilikuwa nimeingia majini hadi kiunoni na sikuwa na hamu ya kutoka.

"Labda umesahau, bibi," Ateca alimwambia kwa upole. "Ni miaka mingi."

"Nimesahau majina ya wajukuu," Salaseini akajibu. "Mchanga sijasahau."

Pauliasi alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi, mikono juu ya goti. Nilikuwa namtazama kwa sababu niliogopa uso wake. Nikamwona ameangalia kwenye mianzi upande wa kulia, akaangalia chini, akaangalia tena kwenye mianzi. Kisha akasimama akajipangusa makalio.

"Kijito kilihama," akasema. "Mwaka wa kile kimbunga kikubwa. Nilikuwa kijana. Njia yake ya zamani ipo nyuma ya shamba langu."

Angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anajua, hata wanawe. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na nilikuja kumuuliza baadaye. Alisema tu kwamba hata yeye lilikuwa linamwasha.

Tulimfuata kupitia kwenye mianzi, tukatokea kwenye bonde dogo lililojaa nyasi, lenye kisiki kikubwa cha dakua kimeoza kwa upande. Vijana wakachimba mahali alipoonyesha. Udongo wa juu, majani yaliyooza, udongo mwekundu, na urefu wa goti chini yake koleo likatoa sauti nyingine, ile ya kukwaruza. Mchanga uliotoka ulikuwa mweusi tii, na jua lilipoupiga ukametameta.

Salaseini alikaa chini kabisa, kwenye ukingo wa shimo, akaweka punje ulimini. Alifumba macho.

"Ndio wenyewe," akasema. Akanikabidhi kiganja chake kizima. "Onja na wewe, Eparama. Ujifunze."

Nikaonja. Ulikuwa na ladha ya msumari. Pauliasi akaonja. Ateca akaonja, na watu wa vijiji viwili wakamcheka mla popo anayekula mchanga. Halafu tukala, na sijui nani aliyeanza, lakini tulikaa mchanganyiko.

Ateca alichukua mfuko mmoja kwa ajili ya maabara. Salaseini akachukua ndoo mbili, akasema yeye maabara yake iko jikoni. Alifinyanga mtungi kwa udongo wetu na mchanga wa Wainiloa, jiwe la kushikilia kwa ndani, kibao cha kupigia kwa nje, akaukausha wiki mbili kivulini, akauchoma kwa makuti na matete. Sikumbuki mtungi uliotazamwa na watu wengi kiasi kile ukiwa bado hata haujapata kazi.

Siku ya kuulinganisha ilikuwa mkutano wetu wa nne, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Vunisei walikuja kwa lori. Mtungi ulikuwa umewekwa juu ya mkeka mzuri, tumbo la mviringo, mdomo uliokunjuka, rangi ya nazi iliyokomaa. Ateca alieleza kwa sentensi mbili kwamba ili kulinganisha kweli inabidi kuona ndani ya udongo, hivyo angekwangua kidogo chini, pasipoonekana.

"Kukwangua kwa nini?" Salaseini akasema. Akachukua jiwe lake la kufinyangia akaupiga mtungi ubavuni.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Laisani alifunika mdomo kwa mikono miwili. Salaseini akaokota kipande, akampa Ateca.

"Mtungi wao ulivunjika, wangu umevunjika. Sasa tazama."

Ateca aliweka vigae viwili bega kwa bega, akainama na kioo chake cha kukuzia. Kisha akampa Salaseini kioo. Kisha Pauliasi. Kikazunguka ukumbi mzima, mkono kwa mkono, na kila aliyetazama alikuwa na la kusema. Punje nyeusi zilikuwa zile zile, zinang'aa vile vile, zimekaa vile vile. Watu wa juu ya njia wakaanza kupiga makofi.

"Subirini," alisema Salaseini. Kioo kilikuwa kimemrudia. "Huku kwenye cha zamani kuna vidoa vyeupe. Kwangu havipo."

"Mimi nilidhani ni uchafu," nikasema.

"Hata mimi nilidhani ni uchafu. Lakini viko kila mahali. Mtu kavitia." Akamtazama Ateca kwa ukali kidogo. "Ni nini hivi?"

"Vipande vya kombe la baharini, tunavyodhani. Waliviponda."

"Kwa nini? Kombe kwenye moto linageuka chokaa. Chungu kitasambaratika."

"Sijui, bibi."

"Wale wa maabara?"

"Hata wao."

Salaseini alirudisha jicho kwenye kioo. Nilitegemea Ateca atasikitika, maana jibu lake zuri lilikuwa limepata tundu mbele ya watu mia. Lakini alikuwa amekumbatia magoti anamwangalia shangazi yangu, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku yoyote niliyowahi kumwona.

Miezi iliyofuata nyumba ya Salaseini haikukosa wageni. Alianza kuponda makombe. Alimtuma kila anayepita pwani amletee: ya namna hii, si ya namna ile, membamba, manene, yaliyochomwa, mabichi. Pauliasi alimpelekea gunia zima kwa lori la mihogo, na salamu kwamba Vunisei hawataki kusikia baadaye kwamba makombe yao ndiyo yaliyoharibu. Mtungi wa kwanza wa makombe ulitoka motoni mzuri kabisa. Siku ya tatu ukaanza kutoa vipele, siku ya tano ukamomonyoka mezani kama biskuti. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alipunguza makombe, akapunguza moto, ukadumu siku nane kabla haujamomonyoka.

"Waliwezaje?" aliniuliza asubuhi moja, kana kwamba mimi nilikuwa na siri. "Nieleze. Wanawake kama mimi, mikono miwili kama mimi. Waliwezaje?"

Wiki ile bomba la kijiji lilikuwa limekatika juu mlimani na sisi tulikuwa tunagombana juu ya nani apande kulitengeneza. Hapakuwa na maji. Salaseini alikuwa ameshakusanya udongo wake na mchanga wake na makombe yake yaliyopondwa, na si mtu wa kusubiri wanaume wamalize kugombana. Akateremka pwani na ndoo, akateka maji ya bahari, akakandia hayo, akafinyanga mtungi mwingine, akaukausha na kuuchoma.

Siku ya tatu baada ya moto alikuwa akiugeuzageuza kutafuta vipele. Siku ya tano alikuja kuazima tochi ya Laisani akautazame ndani. Siku ya kumi alikuwa anaupiga kwa kucha kila alipopita, unalia kama kengele. Siku ya ishirini alikuja kwangu asubuhi mapema ameubeba mikononi kama mtoto wa kubatizwa, akauweka juu ya meza yetu katikati ya vikombe vya chai.

"Nipigie yule mla popo," akasema.

Nikapiga. Ateca alipokea yuko njiani kwenda kazini, nikasikia magari. Nikaweka simu mezani, sauti juu, ili wasikilizane. Salaseini aliinama juu yake akamweleza yote kwa pumzi moja: bomba, ndoo, bahari, siku ishirini, hata kipele kimoja hakuna.

Magari yalisikika, kisha hayakusikika, nadhani aliingia mahali akafunga mlango.

"Bibi," akasema Ateca, "tafadhali anza tena mwanzo. Polepole. Nimeshika kalamu."

Salaseini akavuta kiti akakaa. Akajifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu, akafikiri aanzie wapi.

"Andika kwanza," akasema, "kwamba mitatu ilivunjika."